Kuihamisha Honda C70 iliyochokonolewa kutoka pointi za volti 6 kwenda CDI ya volti 12

Mtu akiniletea Honda C70 na kuniambia "fundi, nataka CDI", yaani mfumo wa kielektroniki wa kutoa cheche, kwanza namuuliza pointi zake, vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche, zilipimwa lini. Wengi hutazama juu. Basi navua kifuniko cha kushoto, nachungulia kwenye kidirisha cha sumaku (lile gurudumu linalozunguka na krenki na kuzalisha umeme), na mara nyingi nakuta pointi zimeungua: upande mmoja kilima, upande wa pili shimo. Hiyo ni kondensa, inayozuia pointi zisiungue, iliyochoka. Ukiweka kondensa nyingine, ukapitisha msasa laini na kurudisha uwazi wa milimita 0.3 hadi 0.4, pikipiki inawaka na mteja anaondoka na hela yake mfukoni.

Honda hawakuwa wajinga. Super Cub ya kwanza ilitoka 1958, na kufikia 2017 walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni 100 za ukoo huo. Kwa miaka mingi zilitembea kwa pointi, zikabeba mikungu ya ndizi, mabwana shamba na mapadri. Kama C70 yako ni ya asili na kazi yake ni kukupeleka sokoni Mgandini na kukurudisha, weka pointi zako sawa, ulale.

Mwongozo huu ni wa yule mwingine, aliyeshaichokonoa injini. Ameitoa pistoni ya milimita 47 akaweka ya 52, na kwa mwendo wa krenki wa milimita 41.4 amepanda kutoka cc 72 hadi 88. Ameweka kabureta kubwa, pengine na kamshafti kali, na hedi imekwanguliwa kidogo ili mgandamizo upande. Sasa asubuhi kiki inamtoa jasho, pikipiki inamisi akivuta mafuta kwa nguvu, na usiku taa ni ya kuonyeshea wengine kwamba yupo, yeye mwenyewe haoni kitu. Huyo ndiye anahitaji CDI, na sababu yake ni rahisi: mchanganyiko wa hewa na petroli ukibanwa zaidi, cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka kwenye ncha za plagi. Koili ya zamani ya volti 6 iliyokuwa inatosha kwa cc 72 inaanza kushindwa, na inashindwa pale pale unapoihitaji.

Mimi asili yangu ni fundi redio, hapa Ngamiani, Tanga. Pikipiki zilinifuata baadaye kwa sababu mafundi wa gereji walichoka na nyaya. Kwa hiyo utaona naongea sana habari za mita na athi (njia ya umeme kurudi), na kidogo sana habari za nguvu za farasi. Nivumilie.

Unachobadilisha hasa

Watu hudhani CDI ni kile kiboksi cheusi. Kiboksi ni sehemu ndogo. Kwenye mfumo wa AC, unaotumia umeme wa sumaku yenyewe badala ya betri, ambao ndio unaofaa C70, kuna koili ya chaji yenye waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi sana. Sumaku ikizunguka, koili hiyo inatoa umeme wa mamia ya volti. Kiboksi kinaukusanya umeme huo kwenye kapasita. Halafu pembeni kuna koili ndogo ya pikapu: kinundu kilichopo nje ya sumaku kikipita mbele yake, inatuma ishara, kiboksi kinafungua mlango, na umeme wote unamwagwa kwa mpigo mmoja kwenye koili ya plagi. Hakuna kitu kinachogusana, hakuna cha kuungua wala kupiga msasa.

Cheche ya CDI inapanda kwa kasi sana lakini haidumu. Hilo lina faida na hasara. Faida: plagi ikiwa na masizi au imelowa petroli bado inatoa moto, maana umeme haupati muda wa kuvujia pembeni. Hasara: cheche fupi haisamehi kabureta iliyorekebishwa vibaya. Ndiyo maana sikubaliani na wanaopanua ncha za plagi hadi milimita moja kwa kuwa "CDI ina nguvu". Acha milimita 0.6 hadi 0.7 kama Honda walivyosema.

Ununuzi

Utahitaji sumaku ya volti 12, sahani yake ya koili iliyo na pikapu, kiboksi cha CDI cha AC, koili ya plagi ya CDI, kofia ya plagi yenye ukinzani wa kiloomu 5, rektifaya ya pini nne (inayogeuza umeme wa sumaku ufae kuchaji betri), betri ya volti 12, na balbu zote mpya. Unaweza kuvipata kwa njia mbili: uvitoe kwenye C70 ya miaka ya themanini iliyotoka kiwandani na CDI, au ununue seti ya Kichina ya injini hizi za silinda iliyolala. Mimi napenda ya kwanza nikiipata, kwa sababu sumaku ya Honda imesawazishwa vizuri na alama zake ni za kuaminika. Lakini hazipatikani kila siku.

Kuna seti nyingine zinauzwa kwa jina la mashindano, zenye sumaku ndogo inayozunguka ndani ya koili. Usinunue kwa matumizi ya barabarani. Kweli injini inapanda raundi haraka, ila ikinguruma taratibu inazimika kila ukisimama, na nyingi hazina koili ya taa ya maana. Wewe unaishi mjini, una taa za barabarani na matuta. Sumaku nzito ni rafiki yako.

Sasa habari ya kiboksi, na hapa naomba usome taratibu. Kuna CDI za AC na CDI za DC. Ya AC inakula umeme wa koili ya chaji. Ya DC inakula volti 12 za betri. Kwa sura zinafanana, mara nyingine hata soketi inaingia. Bodaboda nyingi za siku hizi zinatumia za DC, kwa hiyo ukienda dukani ukasema tu "nipe CDI" unaweza kupewa hiyo. Ukiiunga ya DC kwenye koili ya chaji ya AC, umeinunulia jeneza. Omba ya CG125 ya AC, ile ya pini tano. Hiyo inafanya kazi kwenye injini hizi na inapatikana hata vijijini.

Na usitumie koili ya plagi ya zamani ya pointi. Itatoa moto, tena utafurahi, lakini moto huo utakuwa dhaifu. Koili ya CDI upande wa kwanza inasoma chini ya omu moja. Upande wa pili, bila kofia, inasoma kiloomu chache. Chukua mita yako dukani. Muuza duka akikunyima kupima, nenda duka la pili.

Vifaa vya mkononi: pula ya kuvutia sumaku ya nyuzi za milimita 27, fila ya kupimia uwazi, mita, chuma cha kulehemu, na taa ya taimingi (ya kuonyesha cheche inaruka wakati gani) hata ya kuazima. Bila pula usianze. Nimeona sumaku zilizopigwa nyundo hadi sumaku za ndani zikaachia, na krenki iliyopinda kwa sababu ya haraka ya dakika kumi.

Kuvua

Zima, toa plagi, vua pedali ya gia, vua kifuniko cha kushoto. Kabla hujalegeza nati, shika sumaku kwa mikono miwili uitikise juu na chini. Ikicheza hata kidogo, bearing ya krenki imekwisha. Simamisha kazi hapo hapo. Pikapu inafanya kazi kwa uwazi wa nusu milimita na kidogo. Krenki inayocheza itakupa taimingi inayotangatanga, na siku mbaya kinundu cha sumaku kitaigonga pikapu na kuivunja. Hakuna umeme unaotibu bearing.

Kama iko imara, zuia sumaku isizunguke, legeza nati, skuruu pula mpaka mwisho wa nyuzi zake, kaza boliti ya katikati. Ikigoma, iache imekazwa hivyo hivyo, gonga kichwa cha boliti mara moja kwa nyundo ndogo. Inaachia kwa mlio wa "tak". Angalia kii, kile kipande cha nusu mwezi kwenye krenki. Kisipotee, na kama kimekatwa pembeni au kimelegea kwenye mfereji wake, tafuta kipya.

Nyuma ya sahani ya koili kuna oili. Upande huo ndio wa cheni ya kamshafti, kwa hiyo ukiivuta sahani, oili itakukaribisha. Laza pikipiki kidogo upande wa kulia, weka gogo chini ya kigingi cha kukanyagia, na tandika tambara. Sahani ina sili ya oili katikati na oringi kuzunguka. Weka mpya zote mbili, bila kujali za zamani zinaonekanaje. Chukua za zamani uende nazo dukani kupimisha. Sili ikivuja baada ya kufunga, oili itaingia kwenye sumaku na utalazimika kurudia kazi yote.

Kabla ya kufunga sumaku mpya, futa kona ya krenki (ile ncha yake inayopungua unene kama koni) na tundu la sumaku kwa petroli hadi pawe pakavu kabisa. Kisha paka rangi ya kalamu ya maka kwenye krenki, vika sumaku bila kii, izungushe robo mzunguko, itoe. Tazama rangi ilipohamia. Ikiwa imeshika kuzunguka pote, vizuri. Ikiwa imeshika ukingo mmoja tu, paka dawa ya kusagia valvu kidogo, saga kwa mkono huku na huku, futa, jaribu tena. Watu huruka hatua hii kwa kuona kii ndicho kinachoshikilia sumaku. Kii kinaonyesha mahali tu. Kinachoshikilia ni ule mbano wa kona. Mbano ukiwa mbaya, kii kitakatika ukiwa safarini Segera, tena usiku.

Funga sahani, vika sumaku na kii chake, kaza nati. Pima uwazi kati ya pikapu na kinundu kwa fila, milimita 0.5 hadi 0.8 inatosha. Halafu jambo ambalo seti za Kichina hazikuambii: sumaku mpya inaweza kuwa nene kuliko ya zamani na kugusa kifuniko. Bandika donge la unga wa chapati ndani ya kifuniko mahali panapoelekea sumaku, funga kwa skuruu mbili, fungua, pima unene wa unga ulioachwa. Ukiwa chini ya milimita moja na nusu, chonga kifuniko kwa ndani au ongeza gaskiti. Mke wangu ameshazoea kuniona naomba unga na narudi na bisibisi.

Nyaya

Hapa ndipo kazi inapofia, nami nitakaa hapa.

Kwa rangi za Honda, ambazo na Wachina wengi wanazifuata: waya mweusi wenye mstari mwekundu unatoka koili ya chaji. Wa bluu wenye mstari mweupe, au mara nyingine mstari wa njano, unatoka pikapu. Mweusi wenye mstari wa njano unatoka kwenye kiboksi kwenda koili ya plagi. Wa kijani ni athi. Na mweusi wenye mstari mweupe ni wa kuzimia. Ukiugusisha huo kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki, injini inazimika.

Sasa nenda kwenye swichi ya ufunguo ya C70. Utakuta nyaya nne. Wa kijani ni athi, mwekundu unatoka betri, mweusi ni ule unaopata umeme wa betri ukiwasha ufunguo, na mweusi wenye mstari mweupe ndio uliokuwa unazima pointi. Habari njema ni kwamba swichi ya zamani inafaa bila kubadilishwa: ufunguo ukiwa umezimwa, inaunganisha mweusi-mweupe na kijani, yaani inaupeleka kwenye bodi. CDI ya AC inataka hivyo hivyo. Unaunga mweusi-mweupe wa swichi na mweusi-mweupe wa kiboksi, basi.

Habari mbaya ni kwamba baada ya miaka arobaini ya jua na vumbi, ule mstari mweupe hauonekani. Nyaya mbili nyeusi zinakaa bega kwa bega kwenye soketi moja. Kijana mmoja alikuja kwangu na C70 yenye tangi la kubandika na usukani wa chini, imependeza kweli.

"Mzee shikamoo. Nimefunga CDI ya tatu hii. Zote feki."

"Marahaba mwanangu. Nionyeshe ulipounga wa kuzimia."

Akanionyesha. Nikaweka mita, nikawasha ufunguo: volti 12 zimesimama pale. Alikuwa anaipelekea CDI umeme wa betri kwenye mguu wake wa kuzimia. Kila kiboksi kipya kilikuwa kinapata kipigo kile kile. Nikamkwangulia ule waya kidogo kwa ukucha karibu na soketi, mahali uchafu haujafika, na mstari mweupe ukajitokeza, mwembamba kama unyuzi wa buibui. Hakusema kitu, akauliza tu maji ya kunywa yako wapi.

Kwa hiyo usiamini macho. Weka mita kwenye volti za DC, mguu mweusi wa mita kwenye bodi, washa na uzime ufunguo. Waya unaoonyesha volti usiuguse. Kisha chomoa betri, weka mita kwenye omu: waya unaoungana na bodi ufunguo ukizimwa, na kuachana nayo ukiwashwa, ndio wako.

Athi sasa. Fremu ya C70 ni bati lililokandamizwa, limepakwa rangi mara tatu na watu watatu, na hapa pwani chumvi inalila kutoka ndani. Kutegemea fremu hiyo irudishe umeme ni kujitafutia kesi. Vuta waya mmoja mnene wa kijani kutoka boliti ya injini, upite kwenye mguu wa koili ya plagi, kwenye kiboksi, kwenye bodi ya rektifaya, hadi hasi ya betri. Kwangua rangi kila unapofunga, paka grisi baada ya kukaza. Hitilafu nyingi za "CDI feki" ninazoletewa zinaisha kwa waya huu mmoja.

Kuhusu viungo, nakiri napenda lehemu kwa sababu ndiyo kazi iliyonilea. Lakini pikipiki inatetemeka, na waya ulionyonya lehemu unakuwa mgumu na kukatika pale lehemu inapoishia. Kwa hiyo mimi nabana kwanza kwa kichwa cha soketi, naweka lehemu chembe tu, halafu navika bomba la kusinyaa na kuufunga waya kwenye fremu karibu na kiungo ili usicheze. Selotepu nyeusi peke yake usiitumie. Ikifika masika imeshaachia, na gundi yake inakusanya mchanga.

Kiboksi kifunge kwenye kipande cha mpira wa tairi, mbali na hedi na ekzosi, mahali ambapo maji ya tairi la mbele hayafiki. Soketi yake itazame chini.

Moto kwanza, taa baadaye

Usiunge mfumo wote ndipo ujaribu. Unga vitu vya moto tu: koili ya chaji, pikapu, kiboksi, koili ya plagi, athi. Waya wa kuzimia uache unaning'inia, umefungwa ncha usiguse kitu. Plagi itoe nje, ivike kofia, ilaze kwenye hedi ikigusa chuma vizuri, mbali na tundu la plagi lenye mvuke wa petroli. Piga kiki. Unataka cheche nyeupe ya kibluu yenye mlio mkavu. Usipige kiki kofia ikiwa haina plagi au plagi haijagusa bodi: umeme ukikosa pa kutokea utajitafutia njia ndani ya koili, na koili ikishatoboka haifai tena. Na vidole weka mbali. Umeme wa CDI haufanani na ule wa pointi uliouzoea.

Ukikosa moto, usikimbilie kulaumu kiboksi. Weka mita kwenye volti za AC, kwenye waya mweusi-mwekundu na bodi, ukiwa umechomoa soketi ya kiboksi. Kiki nzuri inatoa makumi ya volti kwenye mita ya kawaida. Kwenye waya wa pikapu utaona sehemu ndogo tu ya volti, sindano au namba ikishtuka; hiyo inatosha. Kama pikapu haishtuki, rudi kwenye uwazi wake. Kama zote ziko sawa, fungua kofia ya plagi kwa kuizungusha, kata nusu sentimita ya waya ulioungua, irudishe. Baada ya hapo ndipo ubadilishe kiboksi.

Moto ukipatikana, unga waya wa kuzimia na uhakikishe ufunguo unaua moto. Halafu taa.

Kwa taa nitakuwa mfupi. Rektifaya ya pini nne: mweupe unatoka koili ya kuchaji betri, wa njano unatoka koili ya taa, mwekundu unakwenda betri, kijani athi. Ondoa kila balbu ya volti 6, pamoja na zile ndogo za kwenye saa ya spidi ambazo kila mtu huzisahau, na flasha ya indiketa. Honi ya volti 6 nayo ibadilishe. Betri ndogo ya kuziba aina ya YTX4L-BS, karibu milimita 114 kwa 71 kwa 86, mara nyingi inaenea mahali pa ile ya zamani kwa kuchonga kidogo. Ukitaka taa za LED, zipe umeme kutoka betri, kwa sababu kwenye waya wa njano umeme ni AC na LED zitakonyeza macho. Injini ikiwa raundi za kati, betri isome volti 13.8 hadi 14.5. Ikivuka 15, zima na ukague athi ya rektifaya kabla ya kununua nyingine.

Taimingi

Pima kwanza uwazi wa tapeti za valvu, milimita 0.05 injini ikiwa baridi, maana hakuna haja ya kurekebisha moto wa injini ambayo valvu zake hazifungi.

Sumaku ya Honda ina herufi T, pistoni iko juu kabisa, na F, mahali pa moto injini ikinguruma taratibu. Za Kichina nyingine zina mistari isiyosema kitu. Tafuta ukweli mwenyewe. Chukua plagi mbovu, toa kauri yake, weka boliti yenye ncha ya mviringo katikati, ukaze na kuifunga. Iingize kwenye hedi wakati pistoni iko chini, katika mzunguko ambao valvu zote zimefungwa. Zungusha sumaku kwa mkono taratibu mpaka pistoni iguse boliti. Weka alama kwenye sumaku ukiitazama alama ya kwenye injini. Rudisha nyuma mpaka iguse tena upande wa pili. Weka alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pistoni ilipo juu kabisa. T ikitofautiana na hapo, futa T, chora yako.

Kisha pima kipenyo cha sumaku. Ikiwa karibu milimita 115, kila milimita moja kwenye ukingo wake ni karibu digrii moja. Chora mistari ya digrii 15, 20, 25 na 30 kabla ya juu kabisa kwa kalamu ya rangi. Injini inazunguka kinyume cha saa ukiitazama upande wa sumaku, kwa hiyo digrii hizo ziko upande unaotangulia kufika.

Washa, elekeza taa ya taimingi. Ikinguruma taratibu, F ikae kwenye alama. Ukivuta mafuta, mstari unatakiwa usogee kuelekea digrii kubwa. Usiposogea kabisa, kiboksi chako hakina uwezo wa kusogeza moto, na utachagua kati ya kiki inayokupiga muundi asubuhi na injini iliyolala barabarani. Kibadilishe. Kwa pistoni ya 52 yenye mgandamizo ulioongezwa mimi sipendi kuvuka digrii 28 kwenye raundi za juu. Wenzangu wengine huenda 32. Pistoni ni zao. Kama sahani yako ina matundu marefu, kuizungusha kufuata saa kunawahisha moto, kinyume cha saa kunauchelewesha.

Barabarani, panda mlima kwa gia ya tatu ukivuta mafuta nusu. Ukisikia mlio mkali wa kugonga ndani ya silinda, rudisha mkono mara moja. Moto unawahi mno au petroli ni mbaya. Plagi ianze na CR7HSA. Kwa injini ya cc 88 inayokimbizwa njia ndefu, CR8HSA ni baridi zaidi na inafaa, ila mjini inaweza kushika masizi. Baada ya safari ya kwanza ndefu, injini ikiwa imepoa, vua kifuniko urudie kukaza nati ya sumaku na skuruu mbili za pikapu. Hizo mbili zitie loktaiti, gundi ya kuzuia skuruu zisilegee.

Na beba kiboksi cha CDI cha akiba chini ya kiti, kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na spana ya plagi. Pointi zilikuwa zinakufa polepole na kukupa taarifa. CDI inakufa ghafla, na mara nyingi ikiwa ya moto. Pikipiki ikizimika baada ya kilomita kadhaa, ikawaka ikipoa, kisha ikazimika tena, chomoa waya wa kuzimia kwanza. Ikiendelea kuzimika, badilisha kiboksi hapo hapo kando ya barabara, uendelee na safari.